Simba kaua kondoo wa jirani, nilipe wangapi?

Shikamoo Mzee,

Naandika usiku huu wa Alhamisi kwa sababu usingizi sina. Mimi ni mama wa watoto wawili. Tulihamia Kisongo, nje kidogo ya jiji la Arusha, mwaka juzi baada ya nyumba kufikia hatua ya kukalika. Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita, anarudi kila baada ya wiki kadhaa. Huku nyumba ziko mbalimbali na usiku ni giza na upepo, kwa hiyo alituletea mtoto wa mbwa, chotara wa German Shepherd. Watoto wakamwita Simba. Sasa ana miaka miwili, mkubwa kweli, lakini ndani ya geti ni mpole kuliko paka. Mwanangu wa mwisho anamlalia tumboni akiangalia katuni.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini namtembeza. Majirani mwanzoni walinishangaa, mtu mzima nimeshika kamba natembea na mbwa kama Mzungu, lakini wameshazoea. Nyuma ya nyumba zetu kuna uwanda wa wazi hadi kwenye korongo. Pale huwa namfungua akimbie, maana akirudi amechoka hatafuni viatu vya watu.

Jumamosi iliyopita nilichelewa kuamka, tukatoka kama saa tatu. Nikaangalia uwandani, hakuna kitu, nikamfungua. Hazijapita dakika tano kondoo wakaanza kupanda kutoka korongoni, kama 30 hivi, na nyuma yao mtoto wa kiume wa miaka kama 11. Simba akasimama, masikio juu. Nikamwita. Mzee, mbwa huyu nyumbani nikimwita hata akiwa anakula anaacha anakuja. Siku ile alikuwa kama hana masikio. Akaenda. Mwanzoni nilidhani anacheza, mkia ulikuwa unatikisika, na nakiri nilicheka.

Kondoo wakageuka kurudi korongoni wakarundikana kwenye kingo. Mmoja Simba alimkamata shingoni. Mwingine sijui hata kama aling'atwa, nadhani alikandamizwa na wenzake. Yule mtoto akaja na fimbo akamchapa Simba, na Simba katika kujitetea akamkwaruza mkononi kwa meno, kidogo tu, ndipo nikafika nikamshika. Nilikuwa nalia, mtoto analia, kondoo wametawanyika.

Mwenye kondoo ni mzee wa Kimaasai ambaye boma lake liko ng'ambo ya korongo. Miaka miwili yote hatujawahi kuongea zaidi ya salamu. Jioni alikuja na vijana wawili hadi getini. Nilimpigia mume wangu, akaniambia niwaambie tutalipa hao wawili kwa bei ya mnada. Nikawaambia hivyo hivyo, pale pale getini. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akaondoka hajajibu neno. Jana Jumatano amerudi na mwenyekiti wa kitongoji. Anasema majike wawili zaidi wametupa mimba tangu siku ile, na anataka kondoo watano. Hela hataki. Anataka kondoo, tena majike.

Mume wangu amekataa katakata. Anasema waliokufa ni wawili, na nyama wamekula wenyewe. Mimba kutoka ni mipango ya Mungu. Halafu uwanda ule si malisho, ni viwanja vya watu vilivyokwisha kupimwa, na kondoo 30 hawaachiwi mtoto mdogo.

Huku nako kila mtu ana lake. Jirani mmoja anasema mbwa akishaonja damu hafai tena, ni wa kupigwa risasi. Mwingine anasema nimfungie chumba kimoja na kondoo dume ampige vichwa mpaka akome. Mlinzi wangu naye kasikia kilabuni kwamba kuna watu watatega nyama yenye sumu kule korongoni. Simba hajatoka ndani tangu Jumamosi, analia usiku kucha.

Nilipe wangapi? Simba nimfanye nini? Na kumtembeza ndiyo basi tena? Namba yangu ya simu nimeiweka chini kama utahitaji kuuliza kitu. Usiitoe gazetini tafadhali, na jina pia usitoe. Watoto wa huku wameshanipa jingine, wananiita Mama Simba.

Mama Simba, Kisongo

*

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wajue kwamba jibu hili nimekutumia wewe kwanza leo Jumamosi, na gazetini litatoka baadaye. Pia wajue kwamba sikungoja hata kumaliza kusoma barua yako. Nilipofika kwenye maneno "akamkwaruza mkononi kwa meno, kidogo tu", nilivua miwani nikachukua simu. Umeniuliza kuhusu kondoo, mbwa na mume. Kuhusu mtoto hukuniuliza kitu.

Niliyokwambia kwenye simu nayarudia kwa ajili ya wengine. Jino la mbwa likichubua ngozi, hata damu isipotiririka, jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa siyo kwa kukisia, kisha mtu anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kirusi chake hutambaa polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Huchukua wiki, mara nyingine miezi. Kwa sababu hiyo aliyechelewa siku tano au sita bado anapelekwa, na anapelekwa mbio. Dalili zikishaanza, hakuna daktari wa Arusha wala wa Ulaya atakayemrudisha.

Uliniambia Simba alichanjwa akiwa na miezi mitatu, na kadi huijui ilipo. Basi chanjo ile ilikwisha muda wake zamani, maana hurudiwa, na kwa mbwa wa huku kwetu nashauri kila mwaka bila kuruka. Kanuni nyingine ni kwamba mbwa aliyeng'ata anafungwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, basi siku aliyong'ata mate yake hayakuwa na kirusi. Simba amekaa siku saba, anakula, anabweka, na mimi moyoni nimeanza kutulia. Lakini siku 10 hizo ni za kumwangalia mbwa. Mtoto hawekwi kungoja majibu ya mbwa.

Nakushukuru kwamba jana asubuhi ulivuka korongo, ukamchukua mtoto na babu yake, ukawapeleka hospitali, ukalipa, na mume ukamjulisha baadaye. Umesema mlikaa kwenye benchi na mzee yule saa mbili nzima mkingoja, na kwamba alikuuliza wanao wanasoma shule gani. Shika neno hilo, nitalirudia.

Sasa kondoo.

Nilikuwa bwana mifugo kwa miaka 31, mingi nikiwa Monduli na Longido, na kesi za mbwa na kondoo nimesuluhisha nyingi kuliko za fisi. Fisi hana mwenyewe, kwa hiyo hakuna ugomvi. Kwenye kesi za mbwa, mwenye mbwa karibu kila mara huanza na maneno yale yale: "Mbwa wangu ni mpole." Namwamini. Simba ni mpole kweli. Hakuwa na hasira siku ile, wala njaa. Mkia ulikuwa unatikisika kwa sababu alikuwa na furaha, na ile furaha ndiyo iliyoua. Mbwa ana mnyororo wa matendo aliorithi kwa mababu zake wawindaji: kukodoa macho, kunyemelea, kukimbiza, kukamata. Kitu kikikimbia mbele yake, mnyororo unaanza kujivuta wenyewe. Na kondoo, maskini, silaha yake ni moja tu, kukimbia na kubanana na wenzake. Mbuzi angalau mara nyingine hugeuka akaonyesha pembe.

Kichekesho ni kwamba mababu zake Simba walikuwa wachungaji. German Shepherd ni mbwa wa kondoo wa Ujerumani, kabila lake likasajiliwa rasmi mwaka 1899, na hilo jina la pili maana yake ni mchungaji. Ila mbwa wa kuchunga alikuwa analelewa kondooni tangu mdogo, akifundishwa kila siku kukimbiza bila kukamata. Simba amelelewa kwenye zulia na katuni. Amebaki na mbio za mababu zake bila elimu yao.

Kwa hiyo uliposema "nyumbani nikimwita anakuja", nilitikisa kichwa. Utii wa uani haufiki uwandani. Mbwa aliyekwisha kuanza kukimbiza hakusikii, tena hakudharau. Hakusikii tu. Nafasi yako ya kumwita ni pale aliposimama masikio juu, na ni sekunde mbili au tatu. Kwa mbwa ambaye hajafundishwa mbele ya mifugo, hata sekunde hizo hazitoshi. Zinatosha kwa kamba peke yake.

Mume wako anahesabu mizoga, mzee anahesabu kundi, na hapo ndipo mlipopishana. Mimba ya kondoo ni siku kama 150, miezi mitano. Jike aliyekimbizwa akiwa na mimba kubwa, akakandamizwa kwenye kingo za korongo, anaweza kusimama, akala majani kama kawaida, ukadhani amepona, kisha siku ya tatu au ya tano akatupa. Wengine hufa wenyewe baada ya siku chache kwa majeraha ambayo hakuna aliyeyaona. Meno ya mbwa huacha tundu dogo juu na nyama iliyosagika chini, na usaha huanzia huko ndani. Nisikudanganye: mimba ya kondoo hutoka pia kwa brusela, kwa Homa ya Bonde la Ufa, kwa mambo mengi. Lakini majike wawili wa kundi moja, ndani ya siku nne baada ya kukimbizwa na mbwa? Nenda ofisi yoyote ya mifugo, muulize afisa, uone kama atasema ni mipango ya Mungu. (Mwambie mzee vitoto vilivyotupwa visishikwe kwa mikono mitupu, vifukiwe, na mbwa wasivipate. Nadhani anajua, lakini mwambie.)

Tuhesabu basi. Waliokufa wawili, hao hawana mjadala. Waliotupa mimba wako hai na watashika tena, kwa hiyo kwa haki kabisa deni lako pale ni wana wawili, siyo majike wawili wazima. Hadi hapo nipo upande wako kidogo. Wa tano? Kwa maoni yangu wa tano ni bei ya maneno ya getini. Mzee mwenye mvi amevuka korongo jioni kuja kuzungumza, hakupewa kiti, hakupewa maji, akatajiwa bei ya mnada kutoka kwenye simu ya mtu aliye Geita. Ningekuwa mimi, tungekuwa tumeshagombana. Yeye aliondoka kimya, na kwa watu wa kule kimya cha mzee kina uzito wake.

Usiende kubishana na huyo wa tano. Nenda bomani Jumapili, jioni jioni mifugo ikiwa imerudi. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji akusindikize, na kama una mtu mzima wa kwenu aliye karibu, mchukue. Beba sukari na majani ya chai. Wapeleke na wanao, wainamishe vichwa mzee awaguse, maana ndivyo watoto wanavyowasalimia wakubwa pale. Kaa. Ukiulizwa safari, jibu safari. Kisha omba radhi kwa kinywa chako, kwamba ulimfungua mbwa mahali ambapo watu wanapitisha mifugo, na kwamba ulicheka. Ndiyo, hilo la kucheka pia, maana mtoto alikuona na babu yake anajua. Namba usiitaje wewe. Ngoja aitaje yeye. Ninavyowajua wazee, baada ya benchi la hospitali inaweza kushuka yenyewe. Ikibaki watano, lipa watano, mwenyekiti aandike, mtie sahihi, yaishe. Utaishi na jirani huyo kuliko utakavyoishi na Simba.

Na ukilipa, lipa kondoo kama alivyosema. Mume wako anadhani hilo ni ukaidi. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana sifa ambayo hata wataalamu wameiandika: anastahimili minyoo ya tumbo kuliko kondoo wengi wa kigeni. Ukimpelekea mzee hela, mnadani anaweza kuambulia chotara wa Dorper, mkubwa, wa kupendeza, ambaye mvua za masika zitamkuta anaharisha. Nenda naye mnadani, achague yeye, ulipe wewe. Usimchagulie mtu kondoo.

Hayo mengine ya mumeo nayapitia haraka. Kwamba uwanda ni viwanja vilivyopimwa: kweli, lakini hata wewe na Simba si wenye viwanja hivyo. Wote mnapita, na waliopita kwanza ni kondoo. Kwamba mtoto alikuwa peke yake: kwa mtoto wa kule, kuchunga kondoo Jumamosi ni kama wako kuosha vyombo. Kundi lilikuwa na mchungaji wake, na mchungaji alikuwa na fimbo, tena aliitumia. Kwamba nyama wamekula: laiti wasingeila. Mnyama aliyeng'atwa na mbwa ambaye chanjo yake haieleweki hachinjwi kitoweo. Mpigie afisa mifugo wa kata, mweleze, awaangalie na hao wengine walioguswa na meno.

Nikiwa hapo hapo kwenye nyama, kuna jambo hukuuliza ila siwezi kuliacha, ni ugonjwa wangu wa kazi. Vichwa vya kondoo wale viliishia wapi? Kama vilirushiwa mbwa wa boma, au mlinzi wako alimletea Simba kimoja, sikiliza. Kuna tegu anayekaa kwenye utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakadondoka kwenye majani, kondoo akala. Ndani ya kondoo hupanda hadi ubongoni na kujenga kifuko cha maji. Kondoo huyo utamwona anazunguka duara, kichwa kimeinama upande mmoja, haoni mbele, mpaka anaanguka. Wamaasai wanaita ormilo. Anachinjwa, kichwa kinatupwa, mbwa anapasua anakula kifuko, na mzunguko unaanza upya. Yuko na ndugu yake tegu huyo, mdogo zaidi, ambaye vifuko vyake huota kwenye ini na mapafu, na huyu hamchagui kondoo peke yake, hata binadamu anampata. Mwanao anamlalia Simba tumboni, umesema mwenyewe. Kwa hiyo Simba apewe dawa ya tegu, praziquantel, kila miezi mitatu, asile kichwa wala matumbo mabichi hata siku moja, na kinyesi anachoacha uwandani ukiokote kwa mfuko wa nailoni. Watakushangaa tena. Wameshakushangaa kwa kamba, wakazoea.

Sasa Simba mwenyewe. Usimuue. Hilo la kuonja damu ni hadithi. Mbwa anakula nyama maisha yake yote, damu anaijua. Alichokionja Jumamosi ni mbio, na kwake mbio zenyewe ndiyo zawadi. Kwa hiyo majirani wamekosea sababu lakini hawajakosea hofu: akipata nafasi atarudia, na mara ya pili atakuwa hodari zaidi. Kumfungia na kondoo dume usithubutu. Nimewahi kuona matokeo yake, dume amevunjika mguu na mbwa amejifunza kwamba kondoo ni adui. Wala kumchapa leo kwa kosa la Jumamosi. Hatajua anachapwa kwa nini, atajua tu kwamba mkono wako unauma.

Kuna mbwa wanaolala na kondoo na kufa kwa ajili yao. Mbwa wa boma la mzee ni wa namna hiyo, na kule Namibia kuna shirika la kuhifadhi duma ambalo tangu 1994 linawapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki wawalindie mifugo, ili duma wasiuawe. Siri yao ni kwamba kitoto cha mbwa kinawekwa zizini kikiwa na wiki chache tu, kinakua kikidhani kondoo ni ndugu zake. Simba umri huo umeshampita. Wake ni wa kamba.

Namaanisha kamba kila akiwa nje ya geti, bila "leo hakuna kitu". Jumamosi pia hakukuwa na kitu, korongo lilikuwa limekificha. Ukitaka akimbie, nunua kamba ya kudumu ya mita 10, mfunge nayo kwenye mikanda ya kifuani badala ya shingoni, akimbie upande mmoja wa kamba wewe uko upande wa pili. Muulize yule mtoto anapita wapi na saa ngapi. Atakuambia kwa dakika kuliko ratiba ya basi. Toka kabla ya jua kupanda, mifugo bado iko bomani. Mkiwaona kwa mbali, usisubiri kuona Simba atafanyaje. Geuka, au shuka pembeni, fupisha kamba, jiweke kati yake na wao, upite kama mtu mwenye haraka zake. Majike yakiwa na wana wadogo, ongeza umbali mara mbili. Na mkikutana na ng'ombe wenye ndama, kanuni inageuka: ng'ombe akikujia kwa sababu ya mbwa, achia kamba. Mbwa anajua kukimbia kuliko wewe, na ng'ombe anamtaka yeye. Watu wameumia wakishikilia kamba.

Usidhani haya ni mambo ya Kisongo peke yake. Uingereza wana sheria maalumu ya mbwa wanaosumbua mifugo tangu 1953, na katika maeneo yao ya wazi ya kutembelea wanataka mbwa awe kwenye kamba isiyozidi mita mbili karibu na mifugo. Scotland mwaka 2021 walipandisha adhabu hadi faini ya pauni 40,000 au kifungo cha miezi 12. Ukilinganisha na hapo, kondoo watano na kilo mbili za sukari si haba.

Lakini katika miaka yangu 31, mbwa wa kutembezwa kwa kamba nimewaona wachache sana kwenye kesi. Walio wengi ni wa usiku. Mlinzi anafungua geti saa nne mbwa "ajisaidie", naye anaingia kibandani kusikiliza redio. Mbwa anakutana na wa jirani, na wa kilabuni, wanakuwa watano, na mbwa watano si mbwa mmoja mara tano, ni kitu kingine kabisa. Asubuhi yuko mlangoni, amelala, mpole. Mwenyewe anaapa hakutoka. Kwa hiyo swali langu kwako, nawe muulize mlinzi kwa upole asikudanganye: Simba analala wapi usiku? Kama hana banda la kufungwa, mjengee kabla hujanunua kamba.

Kuhusu sumu, mwambie mwenyekiti kesho. Huhitaji kumtaja mtu, mwambie ulichosikia. Nyama yenye sumu haisomi majina. Wa kwanza kuila watakuwa mbwa wa maboma, kisha fisi, kisha tai watakaoshuka kwenye mizoga, na mtoto anayechunga pale pale korongoni. Mzee hawezi kutaka hivyo, na akisikia atawanyamazisha kuliko polisi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza ukatili wa namna hiyo, mwenyekiti anaweza kuwakumbusha.

Mumeo mwonyeshe barua hii akirudi, asiisome kwenye simu akiwa kazini. Na kabla ya yote haya: sindano ya pili ya mtoto ni Jumatatu, na daktari amewaandikia nyingine baada ya hapo, hakuna ya kurukwa. Gari liko kwako. Mpitie bomani saa moja asubuhi, kabla hajatoa kondoo, na Simba mwache nyumbani.

Mzee wako